Asiyesikia Si Mkaidi

Ndugu msomaji, sikio limebebeshwa lawama nyingi katika lugha yetu. Mtoto akiwa mtundu tunasema hasikii. Mtu akikataa shauri tunamwambia kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Na yule asiyemsikia mkuu tunamtabiria kuvunjika guu. Hivyo tangu utotoni tumezoea kuamini kwamba kutosikia ni tabia: ni kiburi au ukaidi. Leo nataka tuzungumze juu ya watu ambao hawasikii kwa sababu sikio lenyewe limeugua, na juu ya majeraha tunayowatia moyoni kwa kuwahukumu kabla ya kuwapima.

Ninaye jirani hapa Kilakala, chini ya milima ya Uluguru. Ameniruhusu nisimulie habari zake kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Nitamwita mama tu, maana kwa umri ni mama yangu. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika ukumbi wa kufuma wa kiwanda cha nguo, mahali ambapo mashine hunguruma kutwa nzima, hata wafanyakazi wakazoea kuzungumza kwa ishara za mikono na kusomana midomo. Alipostaafu alikuwa mtu wa watu. Alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Msibani alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Na asubuhi aliteremka kununua ndizi na mboga kwa akina mama washukao kutoka mlimani.

Mabadiliko yalianza kidogo kidogo. Aliongeza sauti ya redio hadi majirani wakalalamika. Akiombwa kisu, aliuliza, "Kitu gani?" Wajukuu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Kisha asubuhi moja, akiteremka njia ya mtelemko, alihisi sikio la kushoto limejaa na kuvuma kama mashine ya zamani. Mara dunia ikaanza kuzunguka. Alikumbatia mwembe ulio kando ya njia, akatapika, asiweze hata kufumbua macho. Vijana waliopita wakadhani amelewa. Hali hiyo ilidumu kwa saa mbili hivi, ikaondoka, na baada ya wiki chache ikarudi.

Katika zahanati moja alipimwa shinikizo la damu, likaonekana zuri. Akapewa dawa za malaria akarudishwa nyumbani. Hakuna aliyemwuliza habari za masikio. Ndipo kaka yake akateremka kutoka mlimani. Msomaji aijuaye mila ya Waluguru anafahamu kwamba ukoo hufuata upande wa mama, na neno la mjomba ni zito mbele ya watoto wa dada yake. Mjomba akaamua kwamba dada yake amechezewa na watu. Fedha alizojiwekea mama zikaishia kwa mganga.

Kilichofuata kilinitia hofu kuliko kizunguzungu chenyewe. Mama aliacha kwenda kikundini, kwa kuwa mara mbili alikosea kuandika hesabu aliyotajiwa, na wenzake wakanong'onezana. Aliacha kwenda harusini, kwani vyombo vya muziki vilimchanganya. Akawaona wanawake wawili wakizungumza bombani, akaamini wanamteta yeye. Usiku alisema anasikia ngoma mbali, ilhali mtaa mzima ulikuwa kimya. Nyumbani jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, likaanza kutajwa mbele yake, maana walijua hasikii. Walisahau kwamba ukumbi wa kufuma ulikuwa umemfundisha kusoma midomo.

Siku moja aliniambia, "Mwanangu, mtu asiyeweza kukaa na watu anaishi kwa ajili ya nani?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda kwangu nikakosa usingizi.

Aliyetuokoa ni mjukuu wake, msichana wa sekondari. Aligundua kwamba akizungumza huku anamtazama bibi usoni, bibi hujibu sawasawa. Akimpa mgongo, bibi hajibu lolote. Akamwambia mjomba kwa adabu, "Babu, aliyerukwa na akili hatofautishi uso na mgongo. Bibi haumwi akili, anaumwa masikio." Mjomba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema wampeleke hospitali kwa daktari wa masikio.

SIKIO LINA KAZI MBILI

Ndugu msomaji, wengi wetu tunafikiri sikio ni la kusikia tu. La hasha. Ndani kabisa, katika mfupa wa kichwa, kuna sikio la ndani lenye sehemu mbili zilizoungana. Ya kwanza imejikunja kama nyumba ya konokono. Hiyo ndiyo isikiayo. Ya pili ni mifereji 3 iliyopinda pamoja na vifuko 2 vidogo. Hiyo huueleza ubongo kichwa kimeelekea wapi na mwili unakwenda upande gani. Sehemu zote mbili zimejaa majimaji, na habari zao hupita katika mshipa mmoja wa fahamu kwenda ubongoni. Ndiyo maana uziwi na kizunguzungu mara nyingi huandamana.

Wala si sisi peke yetu tuliokosea. Hata Ulaya, kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba kizunguzungu kikali cha namna hii ni ugonjwa wa ubongo. Mwaka 1861 Prosper Menière, daktari wa taasisi ya viziwi mjini Paris, alieleza kwamba kizunguzungu, mvumo na kupotea kwa usikivu vyaweza kutoka katika sikio la ndani. Ugonjwa huo ukapewa jina lake, na ndio aliokutwa nao mama katika sikio la kushoto. Huja kwa vipindi vya kuanzia dakika 20 hadi saa 12, pamoja na mvumo na hali ya sikio kujaa. Juu ya hayo, masikio yake yote mawili yalikuwa yamechakazwa na kelele za kiwandani.

Kelele huanza kuharibu usikivu wa sauti nyembamba. Herufi kama s, f na t hupotea kwanza, ilhali sauti nene hubaki. Basi mtu husikia kwamba amesemeshwa, lakini hapambanui alichoambiwa. Kisu na kitu huwa neno moja. Hapo ndipo watu wa nyumbani husema, "Anasikia anapotaka."

Si kila kizunguzungu ni cha Menière. Kipo kile cha sekunde chache kinachokuja mtu anapojigeuza kitandani au anapoinua kichwa kutazama juu. Hicho mara nyingi huletwa na vijichembe vya chokaa vilivyohama mahali pake katika sikio la ndani, na mtaalamu aweza kukituliza kwa kukigeuza kichwa cha mgonjwa kwa utaratibu maalumu, bila dawa yoyote. Kipo kinachotokana na upungufu wa damu mwilini, na kipo kinachotokana na dawa. Wazee waliotibiwa malaria kwa kwinini wanaujua ule mvumo wa masikioni. Sindano za streptomaisini na jentamaisini, ambazo zimeokoa maisha ya wengi, nazo zaweza kudhuru usikivu au uwezo wa mwili kusimama imara. Ukiona dalili hizo usiache dawa kwa uamuzi wako. Mweleze daktari upesi.

KUTOKA SIKIONI HADI MOYONI

Sasa tuje kwenye moyo na akili. Mama hakuwa na wazimu, lakini ingekuwa uongo kusema kwamba akili yake haikuumia. Sikio liliugua kwanza, na upweke ukafuata. Mtu asiyesikia vizuri huchoka kwa kukisia maneno kutwa nzima. Huchoka kuomba kurudiwa. Huchoka kucheka mzaha asioujua. Mwishowe huona ni heri abaki chumbani. Huko chumbani ndiko sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, inakomkuta. Kadhalika aliyewahi kuanguka mbele ya watu huishi akingojea kuanguka tena. Na wasiwasi huo nao waweza kuleta kizunguzungu kingine, hata siku ambayo sikio limetulia. Hivyo ugonjwa hulisha hofu, na hofu ikalisha ugonjwa.

Na ile ngoma ya usiku? Ubongo ulionyimwa sauti za nje waweza kujitungia za kwake. Kwa wengi huwa ni mvumo, mluzi au mlio kama wa nyenje. Kwa wachache, hasa wazee waliopungukiwa sana na usikivu, huwa ni wimbo au ngoma. Jambo hilo madaktari wanalijua, na peke yake si dalili ya wazimu. Lakini mwenye kulipata huogopa kulisema, kwa sababu anajua ataitwaje.

Haya si mambo ya mtaa wetu tu. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiasi fulani. Nalo jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la kitabibu la Lancet, katika ripoti zake za 2020 na 2024, liliutaja upungufu wa usikivu miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kupotewa na kumbukumbu uzeeni, na ambayo binadamu aweza kuyarekebisha.

LA KUFANYA

Kwanza, mpime masikio kila mzee aliyeanza kujitenga, kukasirika ovyo au kujibu yasiyoulizwa. Huenda ni nta tu iliyoziba, nayo huondolewa hospitali kwa muda mfupi. Usiitoe kwa njiti wala kwa pini ya nywele.

Pili, jua hatari. Sikio likizimika ghafla, kwa siku moja au mbili, usingoje mwisho wa mwezi. Tiba ya mapema ndiyo yenye matumaini. Kizunguzungu kikija pamoja na kulegea upande mmoja wa mwili, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili au kichwa kuuma kupita kiasi, mkimbize mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo, maana yaweza kuwa kiharusi.

Tatu, ndugu mfanyakazi, linda masikio yako kazini. Nchi nyingi zimeweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Huna kipimo? Ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, kelele imezidi. Dai vizibo vya masikio, na ukipewa vivae. Usikivu ulioliwa na kelele haurudi.

Nne, zungumza na asiyesikia kwa heshima. Kaa mbele yake penye mwanga. Sema taratibu, usipige kelele, maana kelele huvuruga maneno. Asipoelewa, badili maneno badala ya kusema, "Basi, acha tu." Hakuna neno linalomfukuza mtu nyumbani kwake kama hilo.

Tano, mtu akikuambia haoni sababu ya kuishi, usimkemee wala usimhubirie. Kaa naye, muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali. Moyo nao una tiba, na kuitafuta si aibu.

Mama wa Kilakala hakupona kabisa, nami sitaki kukudanganya, ndugu msomaji. Vipindi vya kizunguzungu bado humjia, ila kwa nadra. Daktari alimpa dawa na kumshauri apunguze chumvi. Alifanyiwa pia mazungumzo ya ushauri kwa ajili ya ile huzuni, na akapatiwa shimesikio, kile kifaa kidogo cha kukuza sauti. Siku za kwanza alikichukia, kwani kilimletea hata mlio wa sufuria. Sasa hakivui ila wakati wa kulala. Ngoma ya usiku imefifia.

Jumamosi iliyopita nilipita penye kikundi chao. Walikuwa wamekaa mduara, ili kila mmoja aone uso wa mwenzake. Hilo ni agizo la mjukuu. Daftari la hazina lilikuwa mapajani mwa mama. Mwanachama mmoja alitaja fedha anazoleta, mama akainua kichwa na kusema, "Rudia, mwenzangu, nitazame." Yule akarudia, wala hakuna aliyecheka. Mama akaandika.

Pembeni alikuwapo mjomba, aliyeteremka na mkungu wa ndizi kwa ajili ya dada yake. Nilipomsalimia shikamoo aliitika, kisha akasema polepole, "Mwanangu, tulimwita mkaidi. Kumbe wakaidi tulikuwa sisi. Tuliambiwa mara tatu hatukusikia."

Jumapili njema, ndugu msomaji. Na leo jioni, kabla hamjalala, kaa mbele ya mzee wako, mtazame usoni, umwulize hali.