Kadi ya Basi ya Kigali Imeniheshimu Kuliko Makanga wa Kwetu

Kuna aina moja ya video imenichosha. Mtalii amepandishwa nganya, taa zinawaka kama klabu, muziki unapasua kifua, yeye anacheka na kupiga mayowe, halafu hapo chini kumeandikwa ati huu ndio utamu wa Nairobi. Sawa. Sasa nionyeshe sehemu ya kulipa. Huwezi kuiona, kwa sababu hapo ndipo kamera huzimwa. Hapo ndipo mgeni anaitishwa mia mbili na jirani yake wa kiti ametoa themanini.

Na kabla mtu akimbie kwa komenti kuniambia "wazungu wako na pesa, walipe", mgeni si mzungu peke yake. Mgeni ni yule dem ameshuka Machakos Country Bus alfajiri akitoka Kitale, begi mgongoni, gunia la mahindi mabichi miguuni, anauliza gari za Kayole ziko wapi. Lafudhi imemchoma. Bei imepanda kabla amalize swali. Huyo ni mtalii ndani ya nchi yake, na tunamla kama vile tunamla yule wa kutoka Ujerumani.

Mimi nimezunguka Kigali na kadi ya basi na sitaki kusikia tena kwamba hii ni mambo ya Ulaya. Kigali ni hapa tu. Tangu 2014 Mkenya anaingia Rwanda na kitambulisho, pasipoti unaacha kwa droo. Ukifika Nyabugogo, hiyo ndiyo steji kubwa, utagundua mabasi ya mjini hayapokei noti wala sarafu. Unatafuta ajenti, unanunua kadi inaitwa Tap&Go, unamwachia pesa akuwekee, unapanda, unagusa mashine mlangoni, inalia, umemaliza. Kinyarwanda changu kinaanza na muraho na kuishia na murakoze, na nauli yangu ilikuwa ileile ya mama aliyekuwa nyuma yangu na kikapu cha ndizi. Bei inapangwa na mamlaka, inajulikana, na mvua ikinyesha inabaki vile ilikuwa jua likiwaka. Hebu rudia hiyo sentensi ukiwa umesimama Odeon saa kumi na mbili jioni, mawingu yamefunga.

Sijasema Kigali ni mbinguni. Foleni za jioni Nyabugogo zitakukumbusha nyumbani, kadi haileti basi. Na kadi nyingi za kulipia mapema zina tabia moja mbaya kwa mtu wa siku tatu: ukiondoka, salio linaweza kubaki ndani. Kwa hivyo usijaze pesa kama unahamia. Weka za siku moja, ongeza kesho, na siku ya kurudi mpe kadi msee anayekuja wiki ijayo. Na kama umekwama bila kadi, muombe mwenyeji akugusie na yake, umpe sarafu. Mimi nimefanyiwa hivyo mara mbili na hakuna aliyeniongezea bei.

London wao walishavuka hata hiyo shida ya salio. Mabasi yao yalianza kupokea kadi ya benki moja kwa moja mwaka 2012, treni za chini ya ardhi zikafuata 2014, mwaka huohuo mabasi yakaacha kabisa kupokea pesa taslimu. Unagusa kadi uliyotoka nayo nyumbani. Ndani ya saa moja unaweza kubadilisha basi bila kulipa tena, na ukizunguka sana, mashine inafika kiwango cha siku na kuacha kukukata. Lakini shika kadi moja! Ukigusa simu asubuhi na plastiki jioni, mashine inadhani nyinyi ni watu wawili, na hakuna kati yenu anayefikia hicho kiwango. Hivyo ndivyo mji unamhesabia mgeni ili asilipe zaidi. Kwetu tunamhesabia ili alipe zaidi.

Sasa kuna ile hadithi kwamba Wakenya walikataa kadi. Mnakumbuka BebaPay? Google na Equity, 2013. Serikali ikasema kufikia Julai 2014 hakuna cha noti kwa matatu, tarehe ikafika, ikasogezwa, ikasahaulika. BebaPay ikafungwa 2015. Ati Wakenya hatupendi kadi. Hawa Wakenya wananunua mandazi ya shilingi kumi na simu? Zilikuwa kadi kadhaa, na ya gari hili huna hakika itasoma kwa lile. Na hakuna mtu ndani ya gari alikuwa na haja zisome. Mwenye gari anataka hesabu yake ya siku, kinachobaki ni cha dereva na konda, na njiani kuna mikono mingine yenye sare ambayo haina mashine ya kugusa. Mashine inaandika kila kitu. Noti haiandiki.

Simchukii konda. Wengi hawana mshahara, wanaishi na hiyo tofauti kati ya themanini na mia mbili. Ndiyo maana kadi bila mshahara itakufa tena, hata ikiletwa na nani. Lakini usiniambie suluhisho la njaa ya konda ni kumpora dem wa Kitale.

"Si M-Pesa iko?" Iko. Na konda bado anakutajia bei kwa mdomo, kisha unaituma kwa till. Umelipa kidijitali bei ya kuokotwa hewani. Huo si mfumo, huo ni unyang'anyi wenye risiti. Ninachotaka ni kidogo sana: nauli iandikwe mlangoni kwa rangi, mwenye kupanda aisome kabla mguu haujaondoka chini. Hatuhitaji Google kwa hiyo. Tunahitaji rangi na brashi, na wale wasanii wanaochora nganya wako pale pale.

Kwa wenzangu wa kamera: mmelipwa kumpandisha mgeni gari, msimfiche bei. Video zangu zote za matatu kuanzia wiki hii zitakuwa na nauli kwenye skrini: ya mchana, ya jioni, ya mvua. Nitumieni ya ruti yenu. Andikeni mlipanda saa ngapi, mkashuka wapi, na mliitishwa ngapi mkiwa na begi na ngapi bila begi.