Mali Bila Daftari

Katika Alaska, jimbo la kaskazini kabisa la Marekani, iko ghuba iitwayo Glacier Bay. Mabaharia wa George Vancouver walipofika huko mwaka 1794, karibu ghuba yote ilikuwa imezibwa na barafu. Tangu siku hizo barafu hiyo imerudi nyuma kiasi cha kilomita 100, ikaacha miamba mitupu. Ni juu ya miamba hiyo, na katika misitu iliyo jirani, ambako wataalamu walikusanya vielelezo karibu 5,000 vya kuvumwani.

Huenda msomaji akauliza kuvumwani ni kitu gani. Ni yale mabaka ya kijivu au ya manjano yaonekanayo juu ya mawe na magome ya miti, na zile ndevu zinazoning'inia katika misitu ya milimani. Kila moja ni ushirika: kuvu hutoa maskani, na mwani mdogo sana hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Pwani yetu iliifahamu aina moja, malele, iliyosafirishwa Ulaya katika karne ya 19 ili kutia nguo rangi ya zambarau.

Taarifa ya wataalamu hao ilichapishwa mwaka 2020. Walipata aina 947 za kuvumwani na kuvu zinazohusiana nazo, zikiwamo 96 zinazoishi juu ya kuvumwani zenyewe. Aina 196 hazikuwa zimepata kuandikwa katika Alaska, na 27 zilikuwa ngeni kwa elimu ya dunia nzima. Nasi twajiuliza: ikiwa mahali palipohifadhiwa kisheria tangu mwaka 1925, katika nchi tajiri yenye vyuo vingi, pamefichika mengi kiasi hicho, je, kwetu kumefichika mangapi?

Swali hili si la mbali kama linavyoonekana. Bibi Hildur Krog, mtaalamu wa Norway, alitoa kitabu cha kuvumwani kubwa za Alaska mwaka 1968. Miaka 20 baadaye, yeye na Mwingereza T. D. V. Swinscow wakatoa kitabu cha kuvumwani kubwa za Afrika Mashariki. Zile ndogo, zilizoshikamana na mawe na magome kama rangi ya ukutani, hazikuwa shabaha ya vitabu hivyo. Huko Alaska watu wamerudi kuzitafuta. Hapa kwetu kazi hiyo haijakamilika.

Wako watakaosema kuwa nchi yenye upungufu wa dawa na madarasa haina wasaa wa kuhesabu mabaka ya mawe. Hoja hiyo twaiheshimu, lakini hatukubaliani nayo. Kuvumwani nyingi hudhurika upesi hewa inapochafuka, na kwa njia hiyo humwonya mwanadamu bila malipo. Tena, barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya inazidi kupungua, na misitu yake huungua moto mara kwa mara. Kitu kisichoandikwa hakina wa kukililia kinapotoweka, wala hakuna sheria iwezayo kukilinda.

Kwa hiyo twatoa wito kwa serikali na vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wawafunze vijana wetu elimu hii, na wakisha kufuzu wawape kazi ya kudumu. Kuanza hakuhitaji mitambo mikubwa. Kwatosha kisu, lenzi ya mkononi, bahasha za karatasi na kabati kavu la kuhifadhia. Vipimo vya vinasaba vyaweza kufuata. Jambo lisilo na badala ni mtu aliyefunzwa, mwenye subira ya kupiga magoti mbele ya jiwe.

Wahenga wetu walikwisha kusema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Tulifungue daftari mapema, kabla mali yenyewe haijatoweka.