Ziwa Kivu: kwa nini msafiri anaogopa barabara kuliko boti iliyojaa

Siku ya alhamisi tarehe 3 oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kufika. Watu wengi walikufa mbele ya macho ya wale waliokuwa bandarini. Wakuu wa jimbo la Kivu ya Kusini walisema chombo kilibeba watu kupita uwezo wake.

Baada ya ajali kama hiyo, wengi husema abiria hawajali maisha yao. Si kweli. Tangu mwezi wa pili 2024, vita kati ya jeshi la serikali na M23 karibu na Sake vilikata barabara ya Goma–Minova. Waliopanda boti walikuwa wanakimbia hatari moja, na wakaingia katika nyingine.

Kwanza, mtu mwenye bunduki anaonekana, na kila familia ina jina la ndugu aliyemupoteza njiani. Uzito wa boti hauonekani.

Pili, ni mazoea. Boti ilifika jana, ikafika na juzi. Kila safari salama inapunguza woga, lakini haipunguzi hatari. Siku upepo unapovuma, boti iliyojaa haina nafasi ya kosa.

Tatu, ni habari. Kabla ya safari, watu wa hapa humupigia simu shemeji au dereva. Kwa barabara, njia hiyo inasaidia: dereva aliyepita asubuhi anajua kizuizi kiko wapi. Kwa boti haitoshi. Aliyevuka jana anajua tu kwamba alifika. Hajui boti ya leo imepakia magunia mangapi.

Nne, ni mfuko. Mama mwenye mboga za kuuza Goma anajua kwamba zikilala siku mbili zitaoza. Hasara hiyo ni ya hakika, ajali ni ya “labda”. Mwenye watoto wa kulisha huchagua labda.

Mgeni kutoka Ulaya hupima tofauti. Mwezi wa tano 2018, Waingereza wawili walitekwa nyara katika mbuga ya Virunga, na mbuga ikafungwa kwa watalii mpaka mwezi wa pili 2019. Mgeni anaweza kungoja hata miezi. Mwenyeji hana nafasi hiyo.

Kwa hiyo, kumwambia abiria “uwe mwangalifu” hakutoshi. Woga hupanda wiki chache baada ya msiba, kisha hushuka. Kinachoweza kubaki ni kazi ya bandarini: kuhesabu watu kabla boti haijaondoka, kupima mizigo, kumupa kila mmoja jaketi la kujiokoa, na kuzuia chombo kilichojaa hata kama abiria wenyewe wanalalamika.