MTOTO WA MFANYAKAZI AENDE CHUO GANI?



Katika mkutano wa tawi mwezi uliopita lilizuka neno ambalo halikuwa katika ajenda, nalo likatushika mpaka jua likatua. Mwanachama mmoja wa Naivasha, mama afanyaye kazi ya kupanga na kufunga maua, alisimama akasema: "Nimekopa mara tatu katika chama cha akiba kwa ajili ya kijana wangu. Amemaliza chuo, ana cheti, na sasa amekaa nyumbani. Dada yake amemaliza kidato cha nne. Je, nikope tena, ama nimlete shambani tufunge maua pamoja?"

Wazee walisema elimu haiozi. Vijana walisema chuo ni hasara tupu. Kelele zilikuwa nyingi, nasi wa kamati tuliahidi kujibu katika gazeti hili.

Kwanza twasema wazi ya kuwa hatukubaliani na wanaosema chuo hakina maana kwa mtoto wa maskini. Maneno hayo twayasikia mara nyingi kwa wakubwa, ya kuwa vijana washike jembe na waache kutafuta kazi za kalamu. Watoto wa hao wasemaji hatujawaona na jembe. Hapa petu Njoro, mwaka 1939, Lord Egerton alianzisha shule ya kilimo kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Baba zetu walipita katika lango lile kama vibarua. Shule ile ikawa chuo kikuu mwaka 1987, na watoto wa vibarua wamesoma humo wakatoka na digrii. Hatutarudi nyuma katika jambo hili, hata tukiambiwa kwa sauti tamu namna gani.

Lakini pia hatutawadanganya wanachama. Mwaka 1959, Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi, alipopeleka vijana 81 Marekani kwa ndege, kila mmoja aliyefuzu alikuwa na kiti kinachomngoja, kwa maana Mzungu alikuwa karibu kufungasha mizigo. Kiti kile kilikwisha kukaliwa zamani. Siku hizi digrii ni barua ya kuombea kazi tu, na deni la mkopo wa serikali humfuata kijana hata akiwa hana mshahara.

Tena, wengi hawafiki huko. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2024 walikaa watahiniwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi, ambayo ndiyo alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Maana yake zaidi ya watoto laki saba walibaki nje ya mlango ule, na wengi wa hao ni wetu. Zamani baba alimchukua kijana wake asubuhi akampeleka kwa msimamizi wa kiwanda, jioni kijana ana kazi. Leo ampeleke wapi? Kiwanda cha betri cha Eveready hapa Nakuru kilifungwa mwaka 2014. Kiwanda cha pareto kilichoshughulisha mji mzima, wenyeji wajua yaliyokipata.

Sasa turudi kwa yule mama. Tulimwomba alete cheti cha kijana, tukakitazama. Ni cha usimamizi wa biashara, kimetoka katika chuo kilichokuwa ghorofani juu ya maduka. Chuo hicho hakikuwa kimeandikishwa na TVETA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013 kusimamia vyuo vya ufundi. Mikopo mitatu ya mfunga maua ililipa kodi ya ghorofa ile! Hapa kosa si la kijana wala si la elimu. Kosa ni kwamba hakuna mtu aliyemwambia mama aulize, na sisi chama tumo katika hao ambao hawakumwambia.

Na katika mashamba hayo hayo ya maua kuna pampu za maji, umeme, na vyumba vya baridi. Fundi wa chumba cha baridi asipofika siku moja, maua huharibika na meneja hukosa usingizi. Kule Olkaria mvuke wa ardhini umetoa umeme tangu mwaka 1981, na mabomba yale hayakujiunga yenyewe. Amri ya mishahara ya serikali humtaja fundi kwa gredi: asiye na gredi, wa tatu, wa pili, na wa kwanza, na hutenganisha mshahara wake na wa kibarua. Kwa kibarua wa shambani asiye na ujuzi, amri ya mwaka 2024 iliweka kiasi kisichofika hata shilingi 8,000 kwa mwezi.

Mtihani wa gredi hutolewa na NITA, na hata aliyejifunza kazi kwa mikono chini ya fundi mwingine aweza kuufanya. Tunao wanachama waliotengeneza matrekta miaka kumi na mitano wakilipwa kama wasaidizi, kwa kuwa hawana karatasi.

Na hapa ndipo tunapotaka msikilize sana. Sheria humtaka mwajiri ailipe NITA kwa kiwango cha shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Hizo hazikatwi katika mshahara wako. Akikukata, njoo ofisini. Shamba la watu 1,000 hulipa shilingi 600,000 kwa mwaka. Mwajiri akiwafundisha watu wake kwa mpango uliokubaliwa, aweza kudai sehemu ya fedha arudishiwe. Basi kwa nini mama afungaye maua akope peke yake, hali fedha za mafunzo hutolewa kwa hesabu ya kichwa chake?

Msichana wake ataka kusoma umeme. Wako waliocheka mkutanoni, na twawaomba waache. Jibu letu kwake ni kwamba asimlete shambani. Ampeleke chuo cha ufundi kilichoandikishwa. Hapa mjini iko Rift Valley National Polytechnic. Kabla ya kutia sahihi mkopo, aje na jina la chuo tulitazame pamoja. Kijana mkubwa naye si wa kutupwa. Mboya mwenyewe alikwenda Ruskin College, Oxford, mwaka 1955, akiwa tayari mtu wa kazi na kiongozi wa chama.

Katika mazungumzo yajayo ya mkataba tutadai nafasi za wanagenzi kwa watoto wa wafanyakazi, na ruhusa yenye mshahara kwa mwanachama anayekwenda kufanya mtihani wa gredi. Wajumbe wa kila shamba walete majina ya mafundi wasio na karatasi kabla ya mwisho wa mwezi. Ofisi ya tawi hufunguliwa hata Jumamosi, mpaka saa saba.