Kisu cha ndoto kiko chini ya lori bovu

Mwenye bucha akisema anakusanya visu, watu hudhani anazungumzia vitendea kazi. Vya kazi vinaning'inia ukutani pale Ruangwa mjini na kila mteja anavijua: cha kuchinjia, cha kuchunia, cha kutenganishia mifupa, na kile kifupi cha maini. Mimi nazungumzia vilivyo nyumbani Chunyu, ndani ya sanduku la bati, vimepakwa mafuta na kuviringishwa vitambaa. Hivyo havikati hata kitunguu. Mama watoto anasema ni ugonjwa, na sibishani naye.

Kimo cha mgema kilichonolewa miaka na miaka hadi kimebaki nusu. Kimo cha mvuvi wa Kilwa Kivinje, mpini umezungushiwa waya wa shaba. Imo sime niliyouziwa na mfugaji wa Kimasai aliyeteremka na ng'ombe wake huku kusini, ala yake ngozi nyekundu. Na limo panga la Martindale la Birmingham, lenye chapa ya mamba, ambalo marehemu babu alifyekea shamba la mikorosho, na bado ukiligonga kwa kucha linalia vizuri. Panga za sasa ukizigonga zinajibu kama sufuria.

Mkusanyaji yeyote, awe wa Chunyu au wa California, ukitaka kumjua usimuulize alicho nacho. Muulize asicho nacho. Mimi nilipokuwa mtoto nilitamani singe. Wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi yao Nachingwea, na sisi watoto wa maeneo haya tulijua kuwa bunduki inaweza kuwa na kisu mdomoni kabla hatujajua kusoma. Singe hiyo imo hadi leo kwenye bendera ya Msumbiji. Tamaa hiyo ilinitoka nilipokua, ikaja ya jambia.

Jambia la Oman ni kitu cha kumfanya mtu mzima asahau alichotumwa dukani: fedha iliyosukwa, ala iliyopinda kama ndoana, mkanda wa kiunoni. Waomani wameliweka kwenye bendera yao, na mwaka 2022 UNESCO ikauingiza ufundi wake katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Zanzibar nimeyaona kwenye picha za mabwana wa zamani, nikajiambia ipo siku. Mpaka nilipojua habari ya mipini.

Wenzao wa Yemen, ambao jambia kwao ni heshima ya mwanamume, waliupenda mpini wa pembe ya kifaru kuliko mwingine wowote. Miaka ya 1970 fedha za mafuta zilipoanza kutiririka katika nchi jirani na vijana wa Yemen wakaenda kufanya kazi huko, kila aliyerudi na mshahara alitaka mpini wa namna hiyo. Yemen Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe mwaka 1982, lakini biashara haikusikia. Sisi huku tunajua ilikoishia. Selous, ng'ambo ya Liwale, palikuwa na vifaru kwa maelfu. Miaka ya 1980 ilipokwisha walikuwa wamebaki wa kuhesabika. Kijana alitamani kisu, mnyama akafa bara jingine. Silaumu tamaa yenyewe, maana hata mimi ninayo. Nasema tu kwamba kisu cha ndoto hakikosi mtu anayekilipia, na mara nyingi mlipaji si mnunuzi.

Sasa niseme lililonifanya nichukue kalamu.

Mpwa wangu aliyeko Dar alinionesha kwenye simu kisu cha Mmarekani mmoja, Bob Loveless. “Mjomba, hebu tazama bei.” Nikatazama. Ilikuwa ya kununulia zizi zima. Loveless alifariki mwaka 2010 huko Riverside, California, na visu vyake vinauzwa kwa maelfu ya dola, vingine makumi ya maelfu. Wakusanyaji wa Marekani na Japani wanavigombea, na wengi watakufa bila kukishika hata kimoja.

Mtu huyo alianzaje? Mwaka 1953 alikuwa baharia. Aliingia katika duka la Abercrombie & Fitch, New York, kununua kisu cha Randall, fundi wa Florida aliyevuma wakati huo. Akaambiwa asubiri miezi tisa. Hakusubiri. Alikwenda kwenye jalala la magari mabovu huko Newark, akapata springi ya gari aina ya Packard la mwaka 1937, akajitengenezea kisu chake mwenyewe. Hicho ndicho kilikuwa cha kwanza.

Springi ya gari bovu! Nilimrudishia mpwa wangu simu, nikatoka nje kukaa barazani, maana nilikuwa nawaza springi zote za malori ya korosho na ufuta zilizokatikia katika barabara zetu hizi kabla lami haijaanza kuja kutoka Nanganga. Tuna mali kiasi gani ya akina Loveless iliyopimwa kwa kilo, ikapakiwa kama vyuma chakavu, ikaenda Dar kuyeyushwa iwe nondo?

Mhunzi wetu anaijua springi. Simtaji jina kwa sababu hajaniruhusu, ila wa Chunyu watamjua. Fuawe lake ni kipande cha reli ya Waingereza, ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Mradi ulianza 1947, ukafa 1951, na reli yenyewe ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sijui faida nyingine ya karanga zile, lakini fuawe lipo. Mvukuto wake ni gurudumu la baiskeli lenye feni. Anaikata springi, anaifua ingali nyekundu, kisha hufanya jambo ambalo wengi hawalioni: anachukua sumaku aliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu na kuisogeza karibu na chuma. Kikiwa bado kinaivuta sumaku, anakirudisha motoni. Kikiacha kuivuta, joto limefika, anakizamisha kwenye oili chafu. Si kwenye maji. Springi ukiitia maji hupasuka, na ufa wenyewe unaweza usiuone mpaka siku kisu kikukatikie mkononi. Halafu anapitisha tupa juu ya makali. Tupa ikiteleza bila kuuma, chuma kimekubali. Mwisho anakirudisha kwenye moto mdogo, taratibu, hadi uso wake uwe na rangi ya majani makavu, ili ugumu upungue kidogo na kisu kisivunjike.

Hakuna aliyemfundisha haya darasani. Wafua visu wa Marekani wananunua kiwandani chuma cha jamii hiyohiyo ya springi, chenye kaboni kama asilimia 0.6 na kromi kidogo, wanakiita kwa namba 5160, na wanakifanyia hayo hayo.

“Bei gani?” nilimuuliza.

“Elfu nane, mzee. Ukiona nyingi nipe saba.”

Kazi ya kutwa nzima hiyo, makaa yakiwa juu yake. Nilipompa thelathini alizihesabu mara mbili akidhani nimekosea. Nikamwomba agonge alama yake kwenye bapa, hata herufi moja. Akacheka. “Ya nini, mzee? Si wote wananijua?”

Hapo ndipo ninapogombana naye, na ninapogombana na sisi sote. Tunamjua, ndiyo. Lakini kisu kikifika Masasi hakimjui mtu. Pale sokoni kinawekwa pembeni ya visu vya bati vya elfu tatu, vyenye mipini ya plastiki ya rangi, na mnunuzi asiyeona tofauti anachukua cha rangi. Baada ya mwezi kimekuwa butu, anakirudia kukinoa, hakishiki, anakitupa, ananunua kingine. Ukijumlisha vya mwaka mzima ametumia zaidi ya mara nne ya bei ya mhunzi, bila mhunzi kuona senti. Tunasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, halafu visu vyenyewe tunanunua butu.

Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani tunawacheka. Mtu analipa dola elfu kwa kisu cha kufungia kabatini! Kwa fedha hiyo mimi ningenunua ng'ombe wawili. Lakini wana jambo moja ambalo sisi hatuna: wanamtafuta fundi kwa jina, wanaweka oda, wanasubiri hata miaka, na wanalipa. Ndiyo maana huko kijana mwenye nyundo anaona maisha mbele yake. Huku kwetu kijana wa mhunzi anaona bodaboda.

Na si chuma tu. Mpini ambao mafundi wengi wa visu vya ghali wanauthamini ni wa mpingo, mti wetu wa taifa, unaoota katika misitu hii hii ya Lindi. Kilwa wamekwisha kuonesha njia: tangu 2009 vijiji vimekuwa vikivuna misitu yao kwa cheti cha FSC, na fedha inaingia kijijini. Mpingo mwingine wote, ambao haukuchomwa mkaa, unaondoka magogo kwa magogo kwenda kuwa zumari za watu wengine. Kipande cha mpini ni kidogo kuliko kiganja. Kinapatikana kwenye matawi yanayoachwa porini yaoze. Na kifaru hauawi kwa ajili yake.

Tena haya si mageni. Al-Idrisi, aliyeandika katika karne ya 12, alitaja chuma cha Malindi na cha Sofala kuwa bidhaa ya kuvuka bahari, na kwamba India kilifuliwa panga zilizosifika. Wahaya walifua chuma chenye kaboni ya kutosha kuitwa feleji zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Peter Schmidt na Donald Avery waliliandika hilo katika jarida la Science mwaka 1978. Tumekuwa tukiuza malighafi ya ndoto za wengine kwa muda mrefu sana.

Atatokea wa kusema ninahamasisha silaha, na panya road, kijana mporaji wa Dar, atatajwa. Panya road hajawahi kubeba kisu cha ng'ombe wawili. Anabeba panga la bei ya chini atakalolitupa mtaroni akikimbia. Cha thamani kinalala sandukuni.

Visu visivyokusanywa vipo pia. Niliwahi kumwomba ngariba mmoja mzee aniuzie kisu chake cha jandoni, alichokuwa ameacha kukitumia. Alinitazama kwa huruma, akaniambia kile si chake, ni cha kazi, na kazi itampata mwingine. Nikanyamaza. Mjerumani Karl Weule alipopita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, moshi wa vita vya Majimaji ukiwa haujaisha, alirudi kwao na shehena ya zana na vinyago kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Wapo waliouza kwa hiari, sikatai. Lakini mwaka ule baada ya vita na njaa, nani kusini alikuwa na nguvu ya kumjibu Mzungu kama alivyonijibu ngariba?

Nirudi kwa wahunzi wetu. Ninachopendekeza hakihitaji mfadhili. Halmashauri zinatenga asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Sijasikia kikundi cha wahunzi kimeomba, wala ofisa aliyewafuata kuwaambia waombe. Wafuatwe. Kila mmoja apate chapa yake ya kugonga kwenye chuma.

Na watupimie hadharani. Chama cha wafua visu cha Marekani, American Bladesmith Society, kilichoanza 1976, kinampima mwanachama hivi: kisu chake kikate kwa pigo moja kamba ya unene wa inchi moja inayoning'inia, kikate mbao ya mbili kwa nne mara mbili, baada ya kazi hiyo bado kinyoe nywele za mkono, mwisho kibanwe kwenye jiliwa na kukunjwa nyuzi 90 bila kukatika. Nanenane ijayo, viwanja vya Ngongo, Lindi, iwekwe meza moja tu kati ya mabanda ya mbegu na matrekta. Waje wahunzi wa Ruangwa, Nachingwea, Liwale na Masasi, na wenye visu vya bati wakaribishwe pia. Kamba na mbao nitaleta mimi. Nywele za mkono watoe viongozi wa meza kuu.