Herufi E haikwambii kitu: albamu tatu zilizo masikioni mwa mwanao likizo hii

Shule zimefungwa, na nyumba nyingi sasa zina kijana aliyeziba masikio kwa hedifoni tangu chai ya asubuhi hadi taa zinapozimwa. Mama mmoja msomaji wa ukurasa huu ameniandikia kuhusu binti yake wa kidato cha pili. Wimbo mmoja wa Kizungu unarudiwa kutwa. Mama akautafuta, akasoma maneno yake na kukuta habari za kaburi, kuzikwa na kuoza. Anauliza kama amnyang'anye binti simu.

Wimbo wenyewe ni ‘Birds of a Feather’ wa Billie Eilish, na ni miongoni mwa nyimbo zilizosikilizwa mno duniani mwaka 2024. Kabla ya kumjibu nilikaa nikasikiliza albamu nzima unakotoka, kisha nikaongeza nyingine mbili za mwaka huo ambazo vijana wananitajia sana: ya Taylor Swift na ya kundi la roki la Linkin Park. Wahakiki wa Marekani na Uingereza wameshazipa nyota zao. Nyota hizo zinamsaidia anayetaka kununua muziki. Mzazi ana swali jingine kabisa.

Wazazi wengi huanza kwa kuangalia ile herufi E ndogo inayowekwa kando ya jina la wimbo kwenye Spotify na kwingineko. Historia yake inafurahisha. Katikati ya miaka ya 1980 Tipper Gore, mke wa mwanasiasa Al Gore, alimnunulia binti yake albamu ya ‘Purple Rain’ ya Prince, akasikia wimbo mmoja wenye mambo ya chumbani waziwazi, akashtuka. Yeye na wake wenzake wa wanasiasa wakaanzisha kampeni, suala likafika mbele ya Seneti, na kampuni za kurekodi zikakubali kuweka onyo kwa wazazi. Mpaka leo ni kampuni na wasanii wenyewe wanaoamua wimbo upi upewe alama hiyo. Kwa kawaida inakuonya kuhusu matusi, ngono na vurugu. Uzito wa huzuni iliyomo ndani haipimi. Wimbo wa makaburi uliomtisha yule mama hauna E hata chembe.

Tuanze na huo. Albamu ya Eilish, ‘Hit Me Hard and Soft’, ilitoka Mei 17. Ina nyimbo 10 tu, na prodyuza ni kaka yake, Finneas, ambaye wameandika muziki pamoja tangu yeye akiwa mtoto nyumbani kwao Los Angeles. Kwangu mimi ndiyo bora kati ya hizi tatu, tena kwa mbali. Imepangwa kama hadithi, kwa hiyo ukiruka wimbo unapoteza kitu.

Wimbo wa kwanza, ‘Skinny’, ningependa kila mzazi wa binti ausikilize, hata kama Kiingereza cha kuimbwa kinamtoka sikioni na itabidi asome maneno. Eilish, ambaye akiwa kijana alikuwa akivaa nguo pana makusudi ili watu wasipate cha kusema kuhusu mwili wake, anaimba jinsi watu wanavyomwona mwenye furaha kwa sababu tu amepungua. Anaimba kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona. Sasa fikiria mabinti zetu wanavyopokelewa wakirudi likizo. Hajaweka begi chini, shangazi ameshasema “umenenepa wewe!”, jirani anasema “mbona umekonda, unaumwa?” Kwetu ni salamu, na anayeisema hana nia mbaya. Lakini wataalamu wa lishe na afya ya akili hututahadharisha kila mara kwamba maneno ya aina hii ndani ya familia yanaweza kumsukuma msichana wa balehe kwenye kuruka milo na kuuchukia mwili wake. Eilish amelieleza hilo kwa dakika chache kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Ndani ya albamu kuna ‘Lunch’, wimbo wa matamanio ya mwili ya msichana kwa msichana mwenzake, bila kuficha. Nautaja ili mzazi asikutane nao ghafla sebuleni wageni wakiwapo. Kila nyumba ina msimamo wake, na ni heri uuseme mwenyewe kwa maneno yako kuliko kuzima redio bila maelezo.

Na kaburi la yule mama? ‘Birds of a Feather’ ni wimbo wa mapenzi. Anayeimba anataka kukaa na mwenzake mpaka kifo kiwatenganishe, kiapo ambacho tunakisikia kanisani karibu kila Jumamosi bila kushtuka. Ametumia picha ya mwili uliooza, nakubali, lakini sauti ni nyepesi na gitaa linachangamka. Simu usimnyang'anye. Muulize kwa nini anaupenda. Akikujibu “biti yake nzuri,” mwamini, maana ni nzuri kweli. Lakini kama huo muziki umeambatana na kukosa usingizi, kuacha kula, kujitenga na marafiki aliokuwa nao, au kusema kwamba afadhali asingekuwepo, hapo wimbo uache kama ulivyo, umpeleke mtoto kituo cha afya ukaeleze hayo yote. Na usiogope kumuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo kichwani.

Jambo moja la masikio, kwa kuwa ni kazi yangu. Albamu hii, kama jina lake linavyosema, inacheza na upole na ukali. ‘The Greatest’ unaanza na gitaa na mnong'ono, kijana anapandisha sauti ili asikie, kisha wimbo unalipuka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto asikilize kwa kiwango kisichozidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na mtu mzima desibeli 80 kwa saa hizo hizo. Nyumbani hatuna kipimo, kwa hiyo tumia hiki: ukisimama umbali wa mkono na kuusikia wimbo ulio kwenye hedifoni za mwanao, sauti imezidi. Simu nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti kwenye mipangilio.

Taylor Swift ana mashabiki wakali, kwa hiyo nitapita kwa adabu. ‘The Tortured Poets Department’ ilitoka Aprili 19 ikiwa na nyimbo 16, na saa mbili baadaye akaongeza 15. Jumla 31, zaidi ya saa mbili za kusikiliza! Jarida la Rolling Stone liliipa nyota zote tano. Paste wao waliiponda, na uhakiki ule ukachapishwa bila jina la mwandishi, kwa sababu mwandishi wao aliyehakiki albamu yake ya 2019 alitumiwa vitisho na mashabiki. Hadithi hiyo inafaa kuzungumzwa na kijana mezani kuliko nusu ya nyimbo zenyewe. Mwanao angemwandikia nini mtu asiyempenda msanii wake?

Mimi nipo upande wa waliochoka. Nyimbo 12 zingetosha. Baada ya wimbo wa 20 nilikuwa sijui tena ni mpenzi yupi anayelaaniwa.

Hata hivyo kuna dhahabu humo. ‘Down Bad’ una E na tusi lake linarudiwa mno, ila ukisikiliza vizuri Swift anajicheka: anasema mwenyewe kwamba kilio chake kimekuwa cha kitoto. ‘But Daddy I Love Him’ ni wa binti anayewajia juu wazee wanaompangia wa kumpenda. Katikati anawarushia habari ya ujauzito, kisha anawacheka kwa jinsi walivyokodoa macho. Nilicheka pia. Unaonitia wasiwasi zaidi ni ‘I Can Do It with a Broken Heart’, wenye mdundo wa kurukaruka kama wa siku ya kuzaliwa, ukisimulia msanii anayetabasamu jukwaani huku amevunjika ndani. Sononi kwa kijana mara nyingi huonekana hivyo hivyo: alama za darasani ziko juu, vichekesho vingi, salamu kwa wageni, kisha analia bafuni. Kati ya nyimbo 31, huo ndio ningemwomba mwanangu anitafsirie.

‘From Zero’ ya Linkin Park ilitoka Novemba 15, na hapa wapo wazazi watakaomnyang'anya mtoto hedifoni ili wasikilize wao. Aliyekuwa sekondari miaka ya 2000 anaijua ‘Hybrid Theory’, albamu yao ya kwanza, na huenda hajui kwamba haina tusi hata moja. Kwa kipimo cha herufi E ilikuwa safi. Aliyeiimba, Chester Bennington, alikuwa amedhalilishwa kingono utotoni, akapambana na pombe na dawa za kulevya, na alilisema hilo hadharani. Alijitoa uhai Julai 2017 akiwa na miaka 41. Mamilioni waliimba maumivu yake neno kwa neno wakidhani ni mtindo wa roki.

Kundi limerudi na mwimbaji mpya, Emily Armstrong. Albamu ni fupi, dakika kama 32, na inafuata njia ya zamani kiasi kwamba kuna nyakati unajua mlipuko utakuja sekunde gani. Sikuona ujasiri mwingi hapo. Lakini Armstrong ana koo! Kwenye ‘Heavy Is the Crown’, ambao watoto wa michezo ya kompyuta wanaujua kupitia mashindano ya League of Legends, anapiga ukelele mmoja wa zaidi ya sekunde 10 bila kuvuta pumzi. Mtoto akiujaribu chumbani, mpe maji ya uvuguvugu.

Wimbo wa mwisho, ‘Good Things Go’, ndio nilioupenda. Ni wa mtu anayejua kwamba amewaumiza waliovumilia kukaa naye, na anawaambia hivyo. Hauna kelele nyingi, mnaweza kuusikiliza pamoja jikoni mkichambua mchele.