Nifungie, Mama

Desemba ndiyo hiyo imeingia, na meza yangu hapa ofisini imeshajaa kadi. Kichen pati mbili, sendofu moja, ubatizo wa mtoto wa jirani, na sherehe ya ofisi ambayo mwenyekiti wa kamati ameshatangaza kwamba mbuzi ni wawili. Hapo Krismasi yenyewe bado.

Kila mwaka mwezi huu mnaniuliza: dada, tufanyeje tusinenepe sikukuu? Na mimi kila mwaka nawajibu kirahisi rahisi, kunyweni maji, pandeni ngazi, basi. Safari hii nitajibu vizuri, maana Krismasi ya 2023 ilinikuta na mimi.

Mimi mtoto wa Tanga, nimeolewa Uchagani. Wenye wakwe huko mnajua Desemba ikifika nusu ya Dar inahamia Moshi. Safari yenyewe ni kula: chipsi kuku Korogwe, mahindi ya kuchoma dirishani, soda ya kusukumia. Ukifika, tarehe 25 mnakula nyumbani, 26 kwa baba mkubwa, 27 kwa shangazi, na kila mji umechinja. Asubuhi mtori, mchana ndizi nyama, jioni ndafu na mbege. Jaribu kukataa uone. "Mwanangu, mbona huli? Au chakula chetu hakikupendezi?" Mkwe gani atajibu ndiyo? Nilikula. Na wifi zangu wakanisifia, eti nimenawiri, mjini wananitunza.

Sifa hiyo msiichukulie poa. Wengi wetu tumekua katika miaka ambayo mtu akikonda tu, mtaa mzima unanong'ona kwamba anaumwa ugonjwa ule. Kunenepa kukawa ndiyo cheti cha afya. Mpaka leo ukipungua kidogo, mtu atakuuliza kwa sauti ya huruma, "Uko salama lakini?"

Basi, nimerudi Dar, nikapanda mzani wa yule kijana pale stendi. Kilo 4 zaidi! Nilitaka kumwambia mzani wake mbovu. Baada ya wiki mbili za kula kama kawaida, kilo 2 na nusu zikaondoka zenyewe, maana nyingi ilikuwa maji yanayoshikwa na chumvi, na chakula ambacho bado kilikuwa tumboni. Ila kilo 1 na nusu ikakaa. Ikagoma kabisa.

Kumbe hilo ndilo la kuangalia. Mwaka 2000 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Wamarekani 195 waliopimwa kabla na baada ya sikukuu. Waliongezeka wastani wa kilo 0.37 tu, kidogo kuliko wao wenyewe walivyodhani. Tatizo, kilichoongezeka hakikupungua miezi iliyofuata. Piga hesabu ya Krismasi kumi, karibu kilo 4, na wala hukumbuki ulizipata lini.

Lakini kilichonishtua hasa hakikuwa gauni langu. Januari hiyo baba watoto alipigiwa simu kwamba mama hajisikii vizuri, kiu haiishi, macho yanaona ukungu. Mama mkwe ana sukari. Walipompima, kipimo kikasoma 17. Daktari alipomuuliza alikuwa anakula nini, akasema, "Wageni walikuwepo." Wageni ni sisi! Kreti za soda tulibeba sisi, keki tulibeba sisi, na tulipiga picha tukimlisha. Chupa ya soda ya mililita 350 ina kama gramu 37 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Alikunywa ngapi wiki ile? Hakuna aliyehesabu, alikuwa anatupa kampani.

Desemba ya 2024 tulikaa kikao cha simu kabla ya safari. Ilikuwa ngumu, shemeji mmoja alisema tunaleta uzungu. Tukakubaliana hivi: maji na maziwa badala ya kreti, soda moja moja kwa watoto siku ya Krismasi. Nyama ichomwe, isikaangwe, maana kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120 na kule jikoni hakuna anayepima kwa kijiko. Mboga za majani zipakuliwe kwanza, nyama na ndizi zifuate. Na kila asubuhi tutembee na mama mpaka sokoni na kurudi. Kutembea ndiko alikokupenda kuliko vyote, maana huko alipata umbea wa mwaka mzima.

Mimi niligundua neno moja: "Nifungie, mama." Unasifia chakula, unakula kidogo, kingine unaomba ukafungiwe. Hajakasirika, tena anafurahi kwamba mumewe mtu atakula nyumbani. Dawa nyingine ni kula sahani moja na mtoto. Hakuna anayejua nani kamaliza nini.

Na pimeni uzito. Huko Uingereza, utafiti uliotoka mwaka 2018 katika jarida la BMJ uliwahusisha watu 272. Waliojipima angalau mara mbili kwa wiki, huku wakipewa dondoo na kuonyeshwa chakula cha sikukuu kinahitaji mazoezi kiasi gani kukiunguza, walimaliza msimu wakiwa pungufu ya wenzao kwa karibu nusu kilo. Si mzani unaopunguza, ni kwamba Jumatano unaona namba, Alhamisi unaiacha bia ya tatu.

Jambo moja msifanye: kushinda njaa kutwa ili usiku mkafidie. Mwenye sukari anayetumia dawa ndiyo kabisa asijaribu, inaweza kushuka ghafla akaanguka ukumbini.

Januari ya mwaka huu mama alisoma 8. Mimi niliongeza nusu kilo, sikatai, ndafu ni ndafu. Leo nina ile sendofu. Kadi inasema saa 12 jioni, na sote tunajua chakula kitatoka saa 5 usiku, kwa hiyo natoka ofisini mapema nikale kwangu kwanza.